Bugi la Saa Nane, Muleba

Wiki iliyopita nilishuka Muleba kununua saruji. Choo cha baba yangu kule Kishanda kimepasuka ukuta, na kwa kuwa mimi ndiye binti anayeishi karibu, mambo ya kuta na vyoo ni yangu. Nikaelekezwa duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi, nikaingia, nikainua macho, nikaona dari. "Mawe!" nikamaka kwa Kihaya. Dari lile nalijua. Lina mbao nyembamba zilizopigwa mshazari, na pale kwenye kona kuna doa la mvua ambalo hata miaka arobaini iliyopita lilikuwepo. Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, mahali pale pale nilipochezea muziki nikiwa na miaka kumi na miwili, na mifuko ya saruji imepangwa juu ya jukwaa hadi karibu na dari.

"Mama, mifuko mingapi?" kijana muuzaji akaniuliza.

"Kwanza niambie, unajua umepanga saruji yako juu ya nini?"

Akatazama chini, akanitazama mimi. "Juu ya mbao, mama. Ili isinyonye unyevu."

Kijana wa watu hana kosa. Nikanunua mifuko yangu nikatoka, lakini nilitoka na hasira, na hasira hiyo ndiyo imenikalisha hapa kuandika badala ya kushona magauni ya watu ambayo yamenisubiri tangu Jumatatu. Wenzangu wa rika langu wakikumbuka zamani hupenda kulialia: siku zile zilikuwa tamu, siku zile hazirudi. Mimi silii. Nina neno la kusema kuhusu ukumbi ule, na mwenye masikio akae anisikilize.

Zamani zile bendi zilifuata kahawa. Kahawa ilipoiva, ikachumwa na kuanikwa kwenye majamvi uani, kijiji kizima kikawa kinanuka ule uchachu wake mtamu, basi ulijua kwamba gari la bendi haliko mbali. Lilikuja likiwa limefungwa spika juu kwa kamba za katani, jenereta nyuma, ngoma mbili za tumba zimefunikwa blanketi, na jamaa mmoja mwenye kipaza sauti akitangaza kwa Kiswahili na kwa Kihaya ili hata wazee wasiseme hawakuambiwa. Lilianzia Bukoba mjini, likashuka Muleba, likaingia Rubya, na msimu ukiwa mzuri lilifika hadi kwetu Kishanda, kwenye uwanja wa shule, likafunga turubai likawa ukumbi.

Usiku ulikuwa wa watu wazima na pombe zao, huko sikufika na sina cha kukusimulia. Letu lilikuwa bugi. Bugi ni dansi la mchana, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, bendi ile ile, nyimbo zile zile, ila kinywaji kilikuwa soda na chakula kilikuwa bajia. Nikilitaja neno hilo mbele ya wanangu wananitazama wanafikiri nimetukana. Bugi lilipofika Kishanda, sisi watoto hatukuwa na hela ya kiingilio, lakini mlinzi wa mlango alipokea kahawa ya maganda, bakuli moja kavu kwa kichwa kimoja. Hakudanganywa yule bwana. Aliichukua konzi ya kahawa, akaitikisa karibu na sikio lake, na kama haikulia ndani ya maganda alikurudisha nyumbani ukaianike tena. Nilichota kahawa ya baba yangu kwenye jamvi kila msimu, na dhambi hiyo sijaiungama mpaka leo.

Sasa sikia. Mwimbaji wa bendi ile alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, baba mmoja mama mmoja. Ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa la kigango chetu, na watu wanasema siku za sikukuu waumini walitoka hata vigango vya jirani kuja kumsikia yeye. Kisha siku moja watu wa bendi walimsikia kwenye harusi, wakamfuata, naye akaenda. Hakutoroka usiku. Aliaga asubuhi, amevaa viatu, sanduku mkononi, akapita katikati ya kijiji.

Baba yangu ni katekista. Unaweza kufikiri mwenyewe. Katekista anafundisha watoto wa watu sala, na dada yake yuko jukwaani Bukoba amevaa gauni linalong'aa, wanaume wanampigia makofi. Baba hakugomba. Alifanya kibaya zaidi: aliacha kulitaja jina lake. Akawa "yule wa Bukoba." Yule wa Bukoba ameonekana Muleba. Yule wa Bukoba asipelekewe ndizi kutoka shamba hili. Nilikua nikimsikia baba akiombea marehemu wote wa ukoo kwa majina, mmoja mmoja hadi magoti yanatuuma, lakini dada yake aliye hai hakuwa na jina.

Mama yangu naye hakugomba. Kila likizo alikata mkungu wa ndizi, akaongeza maharage na siagi ya kienyeji kwenye kibuyu, akanipandisha gari la Bukoba. "Mpelekee shangazi yako," aliniambia. "Baba yako akiuliza, umekwenda kwa daktari wa meno." Ndivyo nilivyougua meno kila likizo kwa miaka mitatu. Baba alinihurumia kwa kweli. Alikuwa akiniombea kwenye sala ya jioni, meno ya mtoto huyu, ee Bwana, na mama akiitikia "utusikie" bila hata kukunja uso.

Shangazi alipanga vyumba viwili Bakoba, mtaa wa pale Bukoba mjini, ukuta mmoja na jirani yake, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Jirani huyo ndiye aliyekuwa akikaanga bajia za bugi. Asubuhi nilikuwa naamka kwa harufu ya dengu na tangawizi. Shangazi alifua nguo uani huku akijaribu sauti, akipanda taratibu, akishuka, akikwama mahali anarudia, na jirani alimjibu kutoka upande wa pili: "Leo imekaza, mwenzangu, hebu lamba asali kwanza." Wakati mwingine walicheka hadi shangazi akaketi chini kwenye maji ya sabuni. Nilipenda nyumba ile kuliko mahali popote duniani, nasema wazi, na nyumbani kwetu hakukuwa kubaya.

Naye alinichukua kila alikopiga. Ukumbi wa Bukoba mjini ulikuwa na sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta, ukivaa soksi unateleza hadi jukwaani. Baa ya ufukweni, karibu na ziwa, ilikuwa na upepo uliomchosha mpiga saksafoni, na wadudu wadogo wa ziwani waliokuingia mdomoni ukicheka. Rubya tulikuwa uwanjani, na wauguzi wa hospitali ya pale walikuja na sare zao nyeupe wakacheza karibu na njia ili wakiitwa wakimbie. Vijana wa seminari ya huko waliosimama kando walikuwa wanatikisa vichwa tu, miguu imetulia, sijui waliwezaje. Lakini ukumbi wa Muleba ndio uliokuwa na sauti nzuri kuliko zote. Mpiga besi alikuwa akiniambia ni lile dari. Ukipiga chini, linakurudishia.

Jambo moja ulijue kuhusu shangazi. Mara nyingine alikuja mtu na redio kubwa ya kunasia sauti, akaiweka mbele ya jukwaa, akabonyeza. Shangazi alinyamaza. Bendi ikaendelea kupiga, yeye akasimama mikono kiunoni, akamtazama yule mtu mpaka akazima. "Anayenitaka aje," alisema kwenye maiki, kisha akaendelea pale alipoachia. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Aliniambia kaseti inamfanya mtu akae kwake, na yeye anaimba ili watu watoke kwao.

Basi dada yangu mkubwa akapata mchumba, kijana wa upande wa Rubya, familia safi, wakulima wa kahawa kama sisi. Ndoa ingefungwa Jumapili, na Jumamosi yake wakwe wangekuja nyumbani kukabidhiwa binti. Kwetu binti hatoki ndani mwenyewe. Shangazi, dada wa baba, ndiye anayemfunda, ndiye anayemshika mkono na kumtoa mbele ya wakwe, na ndiye anayekwenda naye kwa mume akae naye siku za kwanza. Asipokuwepo, wakwe hutazamana. Hujiuliza kuna nini katika ukoo huu hata damu imekimbiana.

Baba alimteua binamu yake. Mwanamke mwema, simsemi vibaya. Lakini dada yangu alisema shangazi wa kuazima hamtaki. Walivutana wiki nzima, mpaka baba akalegeza kidogo akanituma Bakoba kwa mdomo, maana barua ingebidi aandike jina. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: aje, ila aje kama shangazi, asije kama mwimbaji. Akifika kwetu, haimbi.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. "Mwambie kaka yangu nimesikia," alisema. "Mwambie sauti si viatu nivivue mlangoni kwake. Tunakuja wote wawili au tunabaki wote wawili." Kisha akaniambia kwamba Jumamosi hiyo ana bugi Muleba na ataimba kama kawaida, akainama tena kwenye ndizi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. Alikuwa amemlea dada yangu kwa mgongo wake kabla hajaondoka kijijini. Kumtoa mtoto yule ndani ilikuwa haki yake, na hakuwa na mtoto mwingine aliyemlea hivyo.

Nilirudi nikampa baba majibu neno kwa neno. Akasema, "Basi abaki."

Jumamosi wakwe walifika saa sita na nusu, na gari la mizigo lililopambwa kwa majani ya migomba. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tayari kwenye vibuyu, wazee wakapewa mirija yao, kahawa ya kutafuna ikazungushwa. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri kwa nyama, mvuke unatoka kwenye majani. Kila kitu kilikuwa sawa, ila bibi harusi. Binamu yake baba aliingia chumbani kumshika mkono, akatoka peke yake.

"Anasema hatoki," alinong'ona.

Baba akaenda mlangoni. Kumbuka amevaa suti yake nyeusi ya siku kuu, ua jekundu kifuani. "Mwanangu, wageni wamekaa."

"Nimewaona, Tata," dada yangu alijibu kutoka ndani, kwa sauti ambayo wakwe wote waliisikia. "Nao ni watu wazuri. Lakini mimi nina shangazi. Ana jina, na nyumba hii inalijua. Siku mtakapomleta na sauti yake nitatoka. Kama si leo, hata mwakani."

Waitu, jamani! Hapo uani mirija ilitoka midomoni. Mshenga wa wakwe, mzee mmoja mwembamba, akaanza kuokota fimbo yake taratibu, na sote tulijua maana ya fimbo kuokotwa. Wakiondoka, hawarudi. Mama alisimama katikati ya jiko na nyumba, mwiko mkononi, akasema maneno ambayo sijui aliyaweka wapi miaka yote: "Baba wa watoto, aliyetia jiwe mlangoni ni wewe. Liondoe."

Baba aliondoka pale mlangoni. Kisha akamwendea yule mshenga, akapiga goti moja mbele ya mtu mwenye umri wake, akamwomba gari. Gari lile lile walilokuja nalo kumchukua binti. "Nipeni hadi saa kumi na moja," alisema. "Nimfuate mtu wangu." Akageuka. "Nani anajua anapoimba?"

Mama akaninyooshea mwiko. "Huyo."

Tulipanda mbele, dereva, baba na mimi katikati. Vumbi la njiani liliingia hadi kwenye ua lake. Tulipokaribia barabara kubwa ndipo baba, macho yake mbele, akasema, "Meno."

"Ndiyo, Tata."

"Yanauma?"

"Hayajawahi, Tata."

Akaguna. Sikujua kama ni hasira au ni nini, na sikuthubutu kumtazama.

Mlangoni pa ukumbi tulisikia besi kabla ya kushuka. Mlinzi alikuwa yule yule wa kahawa, maana alisafiri na bendi. Alimtazama baba juu hadi chini, suti, ua, vumbi. "Mzee, shikamoo. Watu wazima ni usiku. Hili ni bugi."

"Nina dada yangu ndani."

"Wote husema hivyo, mzee wangu." Kisha akaniona mimi, uso ukamfunguka. "Aa! Binti wa kahawa! Leo umeleta iliyokauka?"

Ningeweza kuzama kwenye sakafu. Baba alinitazama, akamtazama mlinzi, na nina hakika wakati ule ule alikumbuka mafungu yote ya kahawa yaliyopungua kwenye jamvi lake. Lakini saa ilikuwa inakwenda. Tukaingia.

Sijui nikuelezeje ukumbi ule saa tisa na nusu ya mchana. Jua linapenya kwenye madirisha ya juu, vumbi la miguu linapanda ndani ya mwanga, vijana mia wanacheza wakiwa wamelowa jasho, na shangazi yangu yuko juu, gauni la bluu, macho ameyafumba. Alikuwa anaimba wimbo wake mwenyewe, ule wa mwanamke anayechuma kahawa asiyoruhusiwa kuiuza. Ni wimbo wa polepole mwanzoni. Baba alisimama chini ya spika akiwa hajajua kwamba hapo hapasimamiki. Hakusogea. Hakuwa amemsikia dada yake tangu asubuhi ile alipoaga, na mimi niliyekuwa nimemsikia mara nyingi nilijua kwamba siku hiyo sauti yake ilikuwa juu kuliko siku zote.

Shangazi akafumbua macho, akamwona. Mimi nilifikiri ataacha. Hata! Aliuendeleza, akamaliza ubeti wa tatu, akawapa wapiga gitaa ishara waongeze mwendo, bendi ikachemka, ukumbi ukawaka, na yeye akawa anaimba akimtazama kaka yake usoni bila kupepesa. Sheria za bugi ni kwamba mwimbaji haitwi chini. Mwenye neno naye anakwenda mbele, anacheza, anamtunza. Nilimwambia baba hivyo sikioni.

"Nimtunze nini? Sikuja na kitu."

"Basi subiri usiku, Tata."

Akavua koti. Katekista wa Kishanda, baba wa bibi harusi, alivua koti lake la suti na ua likiwa juu yake, akapita katikati ya watoto waliokuwa wanaruka, akapanda hatua mbili za jukwaa, akamvisha dada yake mabegani. Vijana wakapiga kelele. Walidhani ni mzee mpenda muziki amekolea. Hakucheza, hilo nalisema ukweli, alisimama tu kama mtu anayesubiri kipaimara. Kisha akamwita kwa jina lake, jina la nyumbani ambalo nilikuwa nimelisikia kwa mama tu, jikoni, kwa kunong'ona.

Shangazi akainua mkono, bendi ikashuka, ikabaki besi peke yake. Akauliza kwenye maiki, na ukumbi wote ukasikia: "Kaka, umefuata nini?"

"Mtoto amekataa kutoka."

"Nimesikia habari za mtoto. Nauliza wewe."

Baba akajibu kitu ambacho hakikusikika. Shangazi akamsogezea maiki mdomoni. Alikuwa mkali, shangazi yangu, na alikuwa na haki. "Sauti yangu inakuja au inabaki?"

"Ije," baba akasema.

"Sijasikia."

"Ije!" Spika ikapiga mluzi. "Ije, na hawa wenye magitaa waje! Nilikosea, dada yangu. Twende nyumbani."

Usiniulize kelele zilizopigwa. Nusu ya bendi ilibaki ili watoto wa watu wasidhulumiwe bugi lao. Nusu nyingine, magitaa mawili, tumba moja na mpiga saksafoni ambaye hakualikwa, ilipanda nyuma ya gari la wakwe, na shangazi akakaa huko huko pamoja nao, koti la baba mabegani. Spika na jenereta vilibaki ukumbini, magitaa yangepigwa bila umeme.

Tulifika Kishanda saa kumi na moja imepita. Wakwe walikuwa wamesimama, lakini walikuwepo. Shangazi hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja ndani, akafunga mlango. Ikapita kitambo. Kisha tukamsikia, mle ndani, bila maiki, bila gitaa, anaimba kwa Kihaya maneno ya kumtoa binti, na sauti ikawa inasogea kutoka chumbani, inapita sebuleni, inakuja. Mlango ukafunguka, wakatoka wameshikana mikono. Magitaa yakaingia. Yule mshenga mwembamba alitupa fimbo yake chini akaanza kucheza. Mama alilia, majirani walilia, na baba alisimama na shati lake jeupe akiwa hajui aweke wapi mikono.

Tangu siku hiyo jina la shangazi likarudi nyumbani kwetu. Ndizi zilipelekwa Bakoba hadharani, na mimi meno yangu yakapona. Lakini ukumbini baba hakurudi tena. Alikuwa na sababu zake, katekista ataonekanaje, na kila shangazi alipomwalika alisema mwakani, kahawa ikipata bei nzuri, mwakani.

Bei haikuwa nzuri mwakani, wala mwaka uliofuata. Watu waliacha kuanika, wengine waling'oa mibuni wakapanda vitu vingine, na gari la bendi likaacha kuja Kishanda, kisha Rubya, kisha Muleba. Hapo ndipo watu wananiambia, ndivyo maisha yanavyokwenda, mama, wakati umepita. Nakataa. Wakati haujafunga ukumbi wowote. Ukumbi hufungwa siku watu wanapoona ni usumbufu kutoka nje, wakati wana kaseti ndani. Leo kwenye harusi zetu kuna kijana mmoja na kompyuta yake, na mwimbaji akija anafungua mdomo tu, wimbo unatoka mahali pengine. Tunampigia makofi! Mimi sipigi. Mwezi uliopita kwenye harusi moja hapa mjini nilikaa nimekunja mikono, na kamati walinitazama vibaya wakachoka.

Shangazi alifariki na tulimzika Kishanda, kwenye kibanja, shamba la migomba la wazazi wake. Hakuna kaseti yake hata moja. Walikuja vijana wa redio kuuliza, wakanipa pole walipojua hakuna. Pole ya nini? Aliimba miaka ishirini na zaidi, Bukoba, Muleba, Rubya, Kishanda, mchana kweupe, milango wazi. Aliyemtaka alikwenda.

Krismasi iliyopita nilikuwa Kishanda. Baba sasa amepita miaka themanini, anatembea kwa fimbo, na masikio yake ni mazima. Nilikuwa naosha vyombo uani akaja akasimama.

"Ule wimbo wa kahawa," alisema. "Wa Muleba. Ubeti wa kwanza ulikuwaje? Mimi nilikuta umekwisha anza."

"Ungekwenda mara ya pili, Tata, ungeujua."

Niliyasema hayo na siyajutii. Alitikisa kichwa, akakubali, macho yake kwenye majivu ya jiko. Nikajifuta mikono nikamwimbia, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yangu hii ya fundi cherehani isiyofika popote. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza akaniomba nirudie.

"Sirudii," nilimwambia. "Anayeutaka aje kesho, saa nane."

Kesho yake saa saba na nusu alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, uani, amenyoa ndevu, amevaa suti.